Staringi hafi, lakini shamba lilikuwa la nani?

Kama ulikulia kwenye ploti, huu mchezo unaujua. Kijiti ndio bunduki, mdomo ndio risasi, na kabla mchezo haujaanza lazima kuwe na vita: nani atakuwa kauboi? Sisi pale Nakuru tuligombana mpaka mtu analia. Kila mmoja alitaka kofia na kila mmoja alitaka farasi, ambaye kwa kweli alikuwa ufagio wa mama wa jirani. Waliobaki, yaani wale wadogo na wale wasio na kijiti cha maana, ndio walikuwa "Wahindi Wekundu". Kazi yao ilikuwa kupiga mayowe, kukimbia kuelekea bunduki, na kufa.

Tulikuwa tumejifunza haya yote kwenye kibanda cha muvi. Mabati, benchi la mbao, shilingi kumi mlangoni, na usipokuwa nazo unachungulia kwa tundu la msumari. Sheria ya kibanda tuliijua kuliko sheria za shule: staringi hafi. Anaweza kurushiwa mishale mia moja na yote ipite kando ya sikio. Yeye akifyatua mara moja, wanaanguka watatu.

Siku moja tukaazima CD ya kauboi tukaenda nayo nyumbani. Shosho alikuwa amekuja kututembelea kutoka Nyandarua. Kiingereza hakujua hata kidogo, kwa hivyo alikuwa anatazama tu picha. Sisi tukawa tunashangilia kila mwenye manyoya kichwani akianguka kutoka kwa farasi. Shosho akauliza, "Hawa wanaopigwa wamekosa nini?"

Nikamjibu kama mtaalamu, "Hao ndio wabaya, shosho. Wanavamia watu."

Akanyamaza kidogo, halafu akauliza tena, "Na hapo ni kwao, ama ni kwa hawa wa kofia?"

Manze, sikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka tisa na nilishatazama labda muvi ishirini za kauboi. Hakuna hata moja iliyokuwa imenifanya nijiulize swali hilo. Shosho alitazama dakika kumi tu akaliona.

Mimi sina digrii ya filamu. Chuo niliacha mwaka wa pili karo iliponilemea. Lakini swali la shosho halikuniacha, na baada ya miaka ya bando za usiku na vitabu vya kuazima, nataka kukuonyesha nilichokipata. Kwa sababu hata wewe, nina uhakika, uliwahi kushangilia.

Kauboi wa kweli alikuwa nani?

Anza na neno lenyewe. Ukimvua kofia na kumshusha kwa farasi, kauboi ni mchungaji wa ng'ombe. Basi. Msamburu au Mpokot anayehamisha mifugo kilomita mia mbili kutafuta soko angemwelewa kauboi wa Texas haraka kuliko mtu wa New York.

Ufundi wa kazi hiyo hawakuuanzisha Wamarekani Weupe. Waliukuta kwa wachungaji wa Meksiko walioitwa vaquero, ambao walikuwa wakichunga ng'ombe juu ya farasi miaka mingi kabla Texas haijawa sehemu ya Marekani. Maneno kama rodeo, ranchi na laso yote yametoka kwenye Kihispania. Lakini kwenye muvi za zamani, Mmeksiko ni nani? Ni jambazi mwenye jasho au mlevi wa kuchekesha.

Halafu kuna Weusi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka wa 1861, wanaume wengi Weupe wa Texas walienda kupigana. Ng'ombe wakabaki mikononi mwa watumwa. Vita vilipokwisha mwaka wa 1865 na utumwa ukafutwa, watu hawa walikuwa huru, na walikuwa na ujuzi ambao soko liliuhitaji sana. Ng'ombe wa Texas walikuwa wakiswagwa mpaka Kansas ili wapakiwe kwenye treni. Wanahistoria wengi hukadiria kuwa kauboi mmoja kati ya kila wanne alikuwa Mweusi.

Soma hiyo tena. Mmoja kati ya wanne. Sasa kumbuka muvi zote za kauboi ulizotazama ukiwa mtoto uniambie uliwaona wangapi.

Chukua Bass Reeves. Alizaliwa mtumwa mwaka wa 1838 huko Arkansas. Alitoroka akaishi miongoni mwa Wenyeji wa Marekani, na inasimuliwa kwamba alijifunza lugha zao. Mwaka wa 1875 aliajiriwa kuwa naibu wa afisa wa sheria wa serikali ya kitaifa. Hakujua kusoma, kwa hivyo hati za kukamata watu alizikariri kichwani. Katika miaka zaidi ya 30 kazini alihesabiwa kukamata watu zaidi ya 3,000, akiwemo mwanawe mwenyewe aliyekuwa ameua mke wake. Huyo ni staringi kamili, si ndio? Alifariki mwaka wa 1910. Mfululizo mkubwa wa televisheni wenye jina lake, ulioigizwa na David Oyelowo, ulitoka mwaka wa 2023. Hesabu mwenyewe alisubiri miaka mingapi.

Au Mary Fields, mwanamke aliyezaliwa utumwani ambaye mwaka wa 1895, akiwa na umri wa miaka 60 na kitu, alipata kandarasi ya kusafirisha barua kwa gari la farasi kule Montana, kwenye theluji. Bunduki alikuwa nayo na alijua kuitumia. Muvi za kina John Wayne hazikuwa na nafasi yake.

Kwa hivyo wiki ijayo ukienda usiku wa muziki wa kantri pale Nairobi, na msee fulani aanze kumcheka jamaa aliyevaa kofia pana eti "Mwafrika na kauboi wapi na wapi", una jibu. Hiyo kofia haijapotea njia.

Waliondolewa vipi?

Usidhani walisahaulika tu kwa bahati mbaya. Kulikuwa na sheria na kulikuwa na pesa.

Sheria ilikuwa ile kanuni ya maadili ya Hollywood iliyoitwa Hays Code, iliyoanza kutekelezwa kwa ukali mwaka wa 1934 na kuendelea hadi 1968. Kati ya mambo iliyokataza ni kuonyesha mapenzi kati ya Mzungu na Mweusi. Sasa fikiria kama mtengenezaji wa muvi. Staringi lazima apate msichana mwishoni. Msichana ni Mzungu. Basi staringi hawezi kuwa Mweusi, na mjadala umekwisha kabla haujaanza.

Pesa nazo zilifuata ubaguzi. Kumbi za sinema katika majimbo ya kusini zilitenganisha watu kwa rangi, na studio ziliogopa kupoteza soko la Wazungu wa huko. Kwa hivyo muvi za kauboi Weusi zilikuwepo, lakini zilitengenezwa kwa bajeti ndogo kwa ajili ya kumbi za Weusi. Herb Jeffries aliimba na kupanda farasi katika "Harlem on the Prairie" ya mwaka wa 1937 na "The Bronze Buckaroo" ya 1939. Hizo hazikufika kwenye kibanda chetu Nakuru. Zilizofika ni zile zingine.

Hata Hollywood ilipojaribu, ilijaribu nusunusu. Mwaka wa 1960 mwelekezi John Ford alitoa "Sergeant Rutledge", kuhusu sajini Mweusi anayesingiziwa kuua na kubaka msichana Mzungu. Aliyeigiza sajini huyo ni Woody Strode, mwanaume mrefu mwenye misuli ya chuma, aliyekuwa mmoja wa wachezaji Weusi wa kwanza kurudi kwenye ligi kuu ya kandanda ya Kimarekani mwaka wa 1946. Jina la muvi ni jina la mhusika wake. Hadithi ni yake. Lakini jina la kwanza kwenye orodha ya waigizaji ni la Jeffrey Hunter, anayeigiza wakili wake Mzungu.

Mjerumani aliyekuwa chifu

Weusi waliondolewa. Wenyeji wa Marekani walifanyiwa jambo tofauti. Wao walihitajika sana, kwa sababu bila wao kauboi angempiga nani risasi? Ila hawakuruhusiwa kuwa watu.

"The Searchers" ya mwaka wa 1956, tena ya John Ford, huwa kwenye orodha za muvi bora zaidi duniani. John Wayne anamtafuta mpwa wake aliyetekwa na Wakomanche huko Texas. Chifu wa Wakomanche, anayeitwa Scar, aliigizwa na Henry Brandon, mtu mwenye macho ya bluu aliyezaliwa Berlin, Ujerumani. Wapiganaji wake waliigizwa na Wanavajo, kwa sababu muvi ilipigwa Monument Valley, ambayo ni ardhi ya Wanavajo. Mnavajo na Mkomanche ni watu wawili tofauti, lugha tofauti, nchi tofauti. Ni kama kupiga muvi kuhusu Wamijikenda, uwatumie Waturkana wajaze umati, halafu mzee wa kaya awe Mjerumani aliyepakwa rangi. Ungecheka? Dunia haikucheka.

Na kuna kitu kingine hapo. Watafiti kadhaa wanaamini kwamba riwaya iliyozaa muvi hiyo ilichota sehemu ya hadithi yake kwa Britt Johnson, mtu Mweusi wa Texas. Mke na watoto wake walitekwa mwaka wa 1864, naye akaenda kuwatafuta mpaka wakarudi. Kama ni kweli, basi hadithi ya mtu Mweusi iligeuka kuwa hadithi ya John Wayne.

Scar hayuko peke yake. Jeff Chandler, Myahudi wa Brooklyn, aliigiza chifu Cochise wa Waapache katika "Broken Arrow" ya mwaka wa 1950, na akateuliwa kuwania Oscar kwa kazi hiyo. Mwaka wa 1962, Geronimo, shujaa mkubwa wa Waapache, aliigizwa na Chuck Connors, jamaa mwingine mwenye macho ya bluu. Na usiseme hayo ni mambo ya zamani. Jay Silverheels, Mmohoki wa kweli kutoka Kanada, aliigiza Tonto kwenye televisheni kuanzia mwaka wa 1949. Muvi mpya ya "The Lone Ranger" ilipotoka mwaka wa 2013, Tonto alikuwa Johnny Depp. Yaani miaka 64 baadaye tukarudi nyuma.

Jicho lile lile lilikuja huku

Labda unasema, sawa, lakini hayo ni ya Wamarekani, sisi yanatuhusu nini? Subiri.

John Ford huyo huyo aliwahi kuja Afrika Mashariki. Mwaka wa 1953 alitoa "Mogambo", aliyoipiga Kenya na nchi jirani, akiwa na Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Ilikuwa marudio ya muvi ya mwaka wa 1932 iitwayo "Red Dust", ambayo Clark Gable huyo huyo aliigiza. Tofauti ni kwamba ile ya kwanza hadithi yake ilikuwa Indochina, kwenye shamba la mpira. Umeelewa? Walichukua mapenzi yale yale ya Wazungu, wakaondoa Waasia nyuma yao, wakaweka Waafrika, simba na sokwe. Sisi tulikuwa pazia la jukwaani. Tulibeba mizigo na kupiga ngoma.

Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952. Watu walikuwa wanapigania mashamba yao msituni. Hakuna hata chembe ya hayo kwenye mapenzi ya Clark Gable. Na kuanzia mwaka wa 1954, watu wapatao milioni moja wa Mlima Kenya walihamishwa kwa nguvu wakawekwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro na walinzi.

Shosho wangu alikuwa mmoja wao, akiwa msichana mdogo. Sikujua hilo siku ile ya CD. Niliambiwa baadaye sana. Ndipo nikaelewa kwa nini swali lake lilikuwa lile. Sisi tuliona kauboi na wabaya. Yeye aliona watu wa bunduki wamefika mahali pasipo pao na kuanza kuwaita wenyewe wavamizi. Hakuhitaji Kiingereza, kwa sababu hiyo muvi alishaiishi.

Kubadilisha sura tu hakutoshi

Sasa, kuna mtego ambao vijana wengi wa rika letu tunaingia. Tunafikiri dawa ni kumtoa Mzungu kwa farasi na kumpandisha Mweusi. Nami niliruka kitini "The Harder They Fall" ilipotoka Netflix mwaka wa 2021. Manze, ile swaga! Idris Elba, Regina King, Jonathan Majors, ngoma kali. Wahusika wengi wana majina ya watu waliokuwepo kweli: Nat Love, Bass Reeves, Bill Pickett.

Lakini nilipoitazama mara ya pili nikaona mambo mawili. Mary Fields, ambaye picha zake zinaonyesha mwanamke mkubwa mwenye ngozi nyeusi kabisa, ameigizwa na Zazie Beetz, mwembamba na mweupe wa ngozi. Wanawake wengi Weusi walilalamikia hilo, na walikuwa na haki. Pili, ni nchi ya Wenyeji wa Marekani lakini wao ni kama hawapo. Safari hii tumepanda farasi sisi, na bado hatujauliza shamba ni la nani.

Ukweli wa historia haubembelezi. Wale wanajeshi Weusi waliosifika kwa jina la Buffalo Soldiers, ambao vikosi vyao viliundwa kuanzia mwaka wa 1866, walitumwa pia kupigana na Wenyeji ili ardhi ichukuliwe. Aliyekuwa mtumwa juzi akawa bunduki ya serikali leo. Muvi inayokuambia Weusi walikuwa mashujaa tu inakudanganya kwa njia nyingine.

"Buck and the Preacher" ya mwaka wa 1972, muvi ya kwanza kuelekezwa na Sidney Poitier, ilijaribu kuligusa hilo. Weusi waliotoka utumwani wanahamia magharibi, na inabidi wajadiliane na Wenyeji ili wapite kwenye ardhi yao. Hatimaye mtu anaomba ruhusa! Lakini hata humo, mwanamke Mwenyeji anayetafsiri mazungumzo aliigizwa na Julie Robinson, Mzungu aliyekuwa mke wa Harry Belafonte. Mazoea ni kitu kigumu.

Yapo mabadiliko, tusikatae. Lily Gladstone, mwenye asili ya Wablackfeet na Wanez Perce, alikuwa Mwenyeji wa Marekani wa kwanza kuteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike, kwa "Killers of the Flower Moon" ya mwaka wa 2023. Muvi hiyo inahusu Waosage waliouawa mmoja mmoja katika miaka ya 1920 kwa sababu ardhi yao ilikuwa na mafuta. Hata hivyo, mmoja wa washauri wa lugha ya Kiosage waliofanya kazi kwenye muvi hiyo alisema hadharani kwamba angependa hadithi ingesimuliwa kwa jicho la Mollie, mwanamke wa Kiosage, badala ya kumfuata zaidi mume wake Mzungu.

Ile ninayoipenda zaidi huenda hata hukujua ni sehemu ya mjadala huu. Umetazama "Prey" ya mwaka wa 2022, ile ya Predator? Staringi ni msichana Mkomanche, Naru, anayeigizwa na Amber Midthunder, Mwenyeji wa kweli. Na muvi nzima inapatikana kwa sauti ya Kikomanche. Kumbuka, ni Wakomanche wale wale ambao mwaka wa 1956 chifu wao alizaliwa Berlin. Safari hii wanaongea lugha yao, na safari hii mvamizi mwenye silaha kali ndiye jini la muvi. Na staringi hafi!

Kabla hujabonyeza pleya

Sikuambii uache kutazama muvi za kauboi. Mimi mwenyewe bado nazitazama, na ile milima myekundu ya Monument Valley bado inanipa ubaridi mgongoni. Nakuomba tu ukae na maswali matatu. Nani anaongea, na nani anapiga mayowe tu? Nani anakufa akiwa na jina, na nani anaanguka kwa farasi bila hata kuzikwa? Na huyo aliyepakwa rangi, kwani mwenyewe alikosekana?

Ukizoea hayo maswali kwenye kauboi, hayataishia hapo. Utayabeba kwenye muvi za Afrika ambazo Mwafrika ni dereva wa mtalii, na kwenye muvi zetu wenyewe ambazo mlinzi lazima awe wa kabila fulani na tapeli lazima awe wa kabila lingine. Hapo ndipo moto ulipo, kwa sababu hapo hakuna Hollywood ya kulaumu.

Shosho alifariki miaka minne iliyopita. Sikuwahi kumjibu lile swali. Krismasi iliyopita nilikuwa Nakuru, kwenye ploti ile ile, nikakuta watoto wa dada yangu wakicheza na vijiti. Siku hizi bunduki ni za gemu za simu, lakini vita ni vile vile: nani awe staringi. Mdogo wao alikuwa amesukumwa kando, ameambiwa yeye ni adui, kazi yake ni kufa.

Nikaketi naye kwenye ngazi nikamuuliza, "Na huko mnapopigania, nani anaishi huko?"

Akafikiri kidogo, akasema, "Mimi."

"Basi waambie wabishe hodi kwanza."

Akaondoka mbio na kijiti chake.